Karatasi Inayotangulia Mtambo
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Isaka)



Nimeombwa niseme juu ya umeme wa gesi. Mitambo yenyewe sitaieleza sana. Walimu wa fizikia wapo. Nataka kusema juu ya karatasi zinazotangulia mtambo.

Sisi wa Isaka tunajua malori. Tuseme umekodi lori kwa miaka 20, na mkataba unasema utamlipa mwenyewe kila mwezi, lisafiri au lilale pale bandari kavu. Na mafuta ni juu yako. Mikataba mingi ya kununua umeme wa mitambo binafsi ndivyo ilivyo. Yapo malipo ya umeme uliotumika, na yapo malipo ya mtambo kuwapo tu. Haya ya pili ndiyo yanayouma, maana mwishowe hutafuta njia ya kuingia katika bei ya uniti anayolipa mwenye mashine ya kusaga hapa stesheni.

Gesi ya Songo Songo, kule Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kuileta Dar es Salaam ili mitambo ya Ubungo iache kutumia mafuta ya kuagiza. Mpango ule ulikuwa ukichunguzwa hatua kwa hatua, kwa taratibu zake. Mara ukaja ukame, mabwawa yakashuka, tukaingia katika mgao. Mwezi Mei 1995 ukatiwa sahihi mkataba mwingine kabisa, wa IPTL: mtambo wa mafuta mazito wa megawati 100, Tegeta, kwa miaka 20.

Yaliyofuata yanafaa kusomwa shuleni. TANESCO ililalamikia gharama. Ikasema pia kwamba mkataba ulitaja injini za mwendo wa polepole, na zilizofungwa ni za mwendo wa kati. Mwaka 1998 shauri likapelekwa katika baraza la kimataifa la usuluhishi. Mtambo umekwisha kujengwa, umekaa bila kazi. Benki ya Dunia, iliyotarajiwa kukopesha fedha za gesi, nayo ikangoja shauri lile liishe. Mwaka 2001 gharama zikapunguzwa, mwaka 2002 mtambo ukaanza kuuza umeme, na gesi ikafika Ubungo mwaka 2004. Hesabuni wenyewe tangu 1974.

Tulijifunza? Mwaka 2006 mvua zikakosekana tena, na tena kwa haraka ukatiwa sahihi mkataba wa Richmond, wa mitambo ya dharura ya gesi, megawati 100. Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, iliuchunguza, na ripoti iliposomwa Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kazi ya kamati ilikuwa nzito. Lakini ilikuja nyuma ya sahihi, wala si mbele yake.

Kijana mmoja aliniuliza jana jioni, "Mzee, watu wamo gizani, unataka wangoje makaratasi?" Swali lake ni la haki. Nimeona mafundi wa kuchomelea wakikaa chini ya mti tangu asubuhi hadi jioni, na watoto wao wanangoja kula. Nami nilimjibu kwamba uchunguzi wa miezi michache haukuwahi kutuchelewesha kama mkataba ule wa haraka ulivyoichelewesha gesi.

Leo Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo ya megawati 2,115, na wapo wanaosema mambo ya gesi yamekwisha. Bwawa nalo hungoja mvua. Mapendekezo ya mitambo ya gesi yatakuja tena, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa upimwe kwanza na wananchi wasikilizwe. EWURA nayo huita watu watoe maoni bei inapotaka kubadilishwa. Nendeni. Ulizeni malipo ni ya shilingi au ya dola, maana shilingi ikianguka tofauti italipwa na mtu. Ulizeni mtambo ukilala nani analipa, na miaka ikiisha unabaki wa nani. Msione haya kwa sababu mmetoka Isaka na gesi iko pwani. Nyaya zinafika hapa, na ankara pia.

Nakala ya sheria hiyo nimemkabidhi mwalimu wa maktaba. Ni moja tu, kwa hiyo msiichane.