Kina cha Sikio, Si Kimo cha Mtu



Najua wapo wanaojiuliza daktari wa masikio anatafuta nini baharini na mlima uko hapo dirishani, hapa Moshi. Swali aliniletea kijana mmoja ambaye huinama kupita mlango wa ofisi yangu. Alikwenda Zanzibar kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, akarudi na kiwambo cha sikio kilichovilia damu. Wenzake wakamwambia kosa ni urefu wake, ati maji humbana zaidi aliye mrefu.

Tuanzie nyumbani. Ukipanda gari kwenye lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ukashuka mpaka hapa mjini, masikio huziba. Unameza mate, unapiga miayo, yanazibuka. Mteremko wote ule, na kona zake zote, huongeza mgandamizo unaolingana na mita 1 tu ya maji na kitu kidogo. Gari hulifanya jambo hilo taratibu. Mzamiaji hulimaliza kwa sekunde chache. Hata kilele cha Kibo chenyewe, mita 5,895, ambako hewa hubaki kama nusu ya ile ya pwani, hakizidi sana mita 5 za bahari.

Na kimo? Maji hayampimi mtu, yanapima kina cha sikio. Wasimamishe wawili kwenye sakafu ya bwawa, mmoja wa sentimita 190 na mwingine 150. Sikio linalobanwa zaidi ni la mfupi! Liko chini kwa karibu sentimita 40, yaani milimita 30 hivi za zebaki. Wakiogelea wamelala sambamba, hata hiyo tofauti inakwisha.

Kesi yenyewe iko kwenye mrija unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, ambao kwa mtu mzima una milimita 35 hivi. Ukiachwa bila kusawazishwa hadi tofauti ifike kama milimita 90 za zebaki, jambo linalotokea kwenye mita 1 na robo tu ya maji, hujifunga, na kumeza mate hakuufungui tena. Hapo mtu hupanda kidogo, hapulizi kwa nguvu. Watoto ndio hutuchanganya: wao huumia upesi, lakini ni kwa sababu mrija wao bado mfupi na umelala, si kwa sababu ya kimo.

Mwitaliano Valsalva aliandika mwaka 1704 juu ya kubana pua na kupuliza. Mbinu hiyo ianze kabla ya maumivu, na miguu ikitangulia chini, maana kichwa kikitangulia damu hujaa na kuubana mrija.

Kijana wangu alizama na mafua, akangoja maumivu ndipo abane pua. Basi nawaombeni, mnaokwenda Zanzibar au Mafia: pua ikiwa imeziba, bakini ufukweni siku hiyo.