Gitaa Lisingoje Ndege

(Muziki wa kufungulia. Ushushwe taratibu mtangazaji anapoanza kusema.)

Kama uko kwenye foleni ya maji, sogeza redio karibu na mwenzako naye asikie. Kama mnasikiliza katika kikundi, maswali ya kujadili nitayasoma mwishoni.

Leo nina maneno na mtu mmoja. Jina lake silitaji, kwa sababu yuko karibu kila mtaa wa kambi. Kule nyumbani alikuwa anapiga gitaa, au kinanda cha kanisani, au ngoma, au alikuwa anaongoza kwaya. Hapa kambini gitaa limetundikwa ukutani na nyuzi mbili zimekatika. Ukimwuliza, "Kaka, mbona hupigi tena?" anakujibu, "Nitaanza tukishafika huko." Huko ni Marekani, Kanada, Australia, au popote ambapo jina lake litatokea siku moja kwenye ubao wa matangazo. Mwaka unapita, wa pili unapita, na vidole vinakuwa vigumu.

Kaka yangu, dada yangu, nataka nikueleze habari ya wanamuziki ambao hawasafiri kwenda jukwaani. Wanapiga chumbani kwao, na watu wa nchi nyingi wanawasikiliza usiku uleule. Nikimaliza, tutaangalia pamoja ni kipi tunaweza kuchukua kwao na kipi hakitufai.

Mwaka 2003, kampuni inayoitwa Linden Lab, ya San Francisco kule California, ilifungua kwa watu wote ulimwengu wa mtandaoni unaoitwa Second Life. Ukiufungua kwenye kompyuta unaona nchi iliyochorwa: kuna bahari, nyumba, barabara na viwanja. Wewe mwenyewe unapewa umbo la mtu, linaitwa avata. Unalichagulia sura na nguo, unalitembeza, na unazungumza na avata za wengine. Nyuma ya kila avata kuna mtu halisi aliyekaa mahali fulani duniani.

Haikuchukua muda mrefu, wanamuziki waliingia. Walijenga majukwaa na kumbi, wakaweka ratiba, wakaanza kupiga moja kwa moja. Mwaka 2006, mwezi wa Agosti, mwimbaji maarufu wa Marekani, Suzanne Vega, aliimba humo akiwa na avata yake iliyoshika gitaa, katika onyesho lililoandaliwa na kipindi cha redio. Mwaka 2007, orkestra ya Royal Liverpool Philharmonic ya Uingereza ilipiga katika ukumbi wake wa kweli, huku ukumbi uliochorwa kwa mfano wake ukijaa avata za wasikilizaji. Lakini wengi wanaopiga humo hawana majina makubwa. Wapo wenye ulemavu ambao ngazi za kumbi za mjini zinawashinda, wapo wanaouguza mzazi nyumbani, wapo wanaoishi kijijini mbali na mji.

Sasa sikiliza jinsi inavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye somo letu.

Mwanamuziki anakaa na gitaa lake mbele ya kipaza sauti. Kipaza sauti kinaingia kwenye kompyuta. Programu moja inaibana ile sauti iwe nyepesi na kuituma kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayogawa sauti kwa wengi. Seva ile ina anwani. Mwenye jukwaa anaandika anwani hiyo kwenye kiwanja chake, na kila avata inayokanyaga kiwanja hicho inapokea muziki.

Umeona? Picha inapita njia yake na sauti inapita njia yake. Avata unayoiona ikicheza gitaa ni mwigo tu wa mikono. Kinachofika kweli kutoka kwa mwanamuziki ni sauti yake. Na sauti si mzigo mkubwa. Wengi hurusha muziki kwa kilobiti 128 kwa sekunde. Piga hesabu: saa nzima ya muziki ni kama megabaiti 58 tu. Wewe unayenunua bando kwa shida unajua kwamba video ya saa moja inaweza kula hizo mara nyingi.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Katika maonyesho haya mwenyewe hayupo, lakini lake lipo.

(Muziki mfupi, sekunde 10.)

Ndugu msikilizaji, nisikudanganye kwamba ni rahisi. Kuna magumu matatu ambayo hata wao wanayo.

La kwanza ni kuchelewa. Sauti inayopita kwenye seva inafika baada ya sekunde kadhaa, mara nyingine nusu dakika. Mwanamuziki anamaliza wimbo na kunakuwa kimya. Makofi yanakuja baadaye, tena kwa maandishi, akiwa ameshaanza wimbo mwingine. Mimi ninayekaa studio nikiangalia ukuta ninamwelewa sana. Ndiyo maana waliozoea wanafanya kama watangazaji: wanataja majina ya waliofika, wanaeleza wimbo unaofuata, wanaongea kana kwamba wanawaona.

Kwa sababu hiyohiyo, watu wawili walio nchi mbili hawawezi kupiga pamoja kwa urahisi. Ngoma ya mmoja itamfikia mwenzake imechelewa. Wenyewe wametafuta njia. Wa kwanza anapiga na kumtumia wa pili. Wa pili anapiga juu ya kile anachosikia, halafu anatuma vyote viwili kwa wasikilizaji. Ni kama kupokezana ndoo kutoka bombani. Tatizo ni kwamba wa kwanza hamsikii wa pili. Anapiga kwa kumwamini tu.

La pili ni idadi ya watu. Eneo moja la Second Life kwa kawaida hubeba kama watu mia moja hivi. Labda umesikia kwamba mwezi wa Aprili 2020 mwanamuziki Travis Scott alitazamwa na watu zaidi ya milioni 12 kwa wakati mmoja ndani ya mchezo wa Fortnite. Ni kweli, lakini lile lilikuwa onyesho lililotengenezwa mapema kwa michoro, na hakuwa akiimba saa ile. Anayeimba moja kwa moja kutoka nyumbani anaimbia ishirini, thelathini, hamsini. Na anaimba vilevile kwa moyo wote, kwa sababu ishirini waliokuja kukusikiliza ni watu kamili.

La tatu ni saa. Ratiba za Second Life zinafuata saa za California. Onyesho la saa kumi na mbili jioni kule, kwetu Afrika Mashariki ni saa kumi alfajiri, na katika miezi ya baridi yao ni saa kumi na moja. Ukipiga gitaa saa hiyo kambini, jirani atakuja na fimbo. Onyesho la saa sita mchana kwao ndilo linatufaa kidogo, maana kwetu ni saa nne usiku, au saa tano.

Na fedha je? Najua swali hilo mmelishika tangu mwanzo. Ndani ya ulimwengu ule kuna fedha inayoitwa dola ya Linden. Wasikilizaji wanamtunza mwimbaji kama tunavyotunza kwenye harusi, wanaweka kwenye kisanduku cha tuzo kilicho jukwaani. Lakini dola moja ya Marekani ni kama Linden 250. Akitunzwa Linden 1,000 amepata kama dola nne. Na kuitoa fedha hiyo kunahitaji vitambulisho na akaunti ya malipo ya mtandaoni, vitu ambavyo wengi wetu kambini hatuna. Tena Second Life inafanya kazi vizuri zaidi kwenye kompyuta yenye nguvu kuliko kwenye simu ndogo iliyopasuka kioo. Kwa hiyo sisemi kesho uuze mbuzi ununue kompyuta. Mbuzi mwache.

Ninachosema ni kwamba ufundi wao unaweza kuuchukua bila kuuchukua ulimwengu wao. Wamegundua kuwa onyesho linahitaji vitu vitatu: sauti safi, saa mliyokubaliana, na watu upande wa pili wanaongoja. Vitu hivyo unaweza kuvipata hapa.

Anza na watu. Una shangazi aliyehamishiwa Marekani, una rafiki wa kwaya aliye Nakivale, una binamu Kakuma, una jirani wa zamani aliye Nyarugusu. Hao wanakosa sauti za nyumbani kuliko unavyofikiri. Waambie, "Jumapili saa kumi na moja jioni, saa za hapa kambini, nitapiga nyimbo tano." Fanya muda uwe nusu saa, usizidi. Panga wimbo wa kwanza na wa mwisho, na maneno machache ya katikati.

Kisha tengeneza sauti. Mvua kwenye bati itakushinda, basi chagua siku ya anga safi. Kaa mbali na jenereta na mashine ya kusaga. Tundika blanketi mbili ukutani, sauti isirudi kama kisimani. Simu usiilaze juu ya meza unayoigonga kwa mguu. Iweke juu ya nguo iliyokunjwa, mkono mmoja kutoka mdomoni. Jirekodi kwanza, usikilize, usogeze, ujirekodi tena. Ukitumia simu ya maongezi ya mtandaoni, ujue nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maneno. Zinaweza kudhani sauti ndefu ya gitaa ni kelele na kuikata. Mtandao ukiwa mbaya, jirekodi bila kukatisha, kwa pumzi moja kama uko mbele yao, halafu tuma saa ileile mliyokubaliana wasikilize pamoja.

Tafuta mtu mmoja wa kukaa na wewe. Kazi yake ni kusoma ujumbe na kukunong'oneza, "Shangazi amefika. Wa Kakuma wanasema sauti imepungua." Chaji simu mapema, na mwambie kiongozi wa mtaa wako ili asije kushangaa.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu usalama. Kujiandikisha Second Life ni bure. Mtu akikuambia ulipe ada ili akuunganishe na onyesho la Ulaya au Marekani, huyo anataka fedha yako tu. Usimpe mtu wa mtandaoni namba ya kesi yako, picha ya kadi ya mgao, wala namba ya nyumba yako. Wazazi, ulimwengu ule una maeneo ya watu wazima tu, usimwachie mtoto aingie peke yake. Na wewe uliyekimbia watu wanaokujua kwa jina, fikiri kabla ya kurusha chochote kwa watu wote. Avata inaficha uso, lakini sauti haifichiki. Anayekujua atakujua ukitamka mstari wa kwanza. Imbia kikundi kidogo unachokiamini, hiyo inatosha.

Kaka yangu mwenye gitaa la nyuzi nne, sijui ndege yako itakuja lini. Ofisi inayoshughulikia faili lako haijui mambo ya vidole vyako. Ikifika siku hiyo, ni vizuri ushuke ukiwa mwanamuziki, siyo mtu aliyewahi kuwa mwanamuziki. Na isipofika haraka, watoto wa mtaa wako watakuwa wamekua wakisikia nyimbo za kwenu zikipigwa na mkono, siyo kwenye memori kadi tu.

(Muziki upande kidogo.)

Maswali ya kikundi cha wasikilizaji:

1. Katika mtaa wetu, ni nani alikuwa akipiga muziki nyumbani na sasa ameacha? Tumsaidieje apate nyuzi, mahali pa kufanyia mazoezi, au simu ya kuazima kwa nusu saa?

2. Ni nyimbo zipi za nyumbani ambazo watoto wetu hawazijui tena?

3. Mtu akitaka kuimbia walio mbali, ni hatari zipi azifikirie kabla ya kuanza?

Andikeni majibu yenu kwenye daftari la kikundi, mwakilishi wenu ayalete. Tutayasoma hapa. Nawatakia jioni njema, ndugu zangu. Tukutane kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia.)