Maneno ya Kuuaga Mtaa wa Pumwani



Sisi tunaohama mwezi ujao twaomba ruhusa ya kusema maneno machache ya kuagana. Mtaa huu ulipangwa na Baraza la Mji wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920, ukapokea Waafrika wengi waliovunjiwa vijiji vyao vya kwanza. Walipewa viwanja tu. Nyumba walijijengea wenyewe kwa fito na udongo, wakaziezeka kwa madebe yaliyopasuliwa. Na Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wengi wakahamia Shauri Moyo, wazee walitufundisha kwamba nyumba huvunjwa, bali ujirani huhamishika.

Katika nyumba hizi, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, tuliishi makabila mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha ya watoto wetu. Wafu tuliwazika pamoja, hata yule asiyekuwa na jamaa mjini.

Huko twendako kuna ghorofa na mifereji ya maji ndani, nasi twashukuru. Lakini milango ikishafungwa kule, ni nani atakayejua kwamba jirani hakuamka? Kwa hiyo twaomba majina yetu yasifutwe katika daftari la chama. Ada zetu tutazileta kila mwezi kama desturi. Mkisikia msiba kwetu, njoni. Nasi tukisikia msiba kwenu, tutakuja.

Pumwani, kwaheri ya kuonana.