Ngoma ya Filaria: Mawimbi ya Sauti Yafichua Matende na Mabusha



Pwani ya Tanzania ina ugonjwa ambao kwa vizazi vingi umetajwa kwa mzaha au kwa kunong'ona. Busha limesingiziwa madafu, na tende ikasingiziwa uchawi. Mzaha huo umewagharimu wengi, kwa maana aonaye haya hafiki hospitali mpaka maji yamezidi unga.

Ukweli ni kwamba mbu humwambukiza mtu minyoo myembamba kama uzi. Ikikomaa, minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya limfu, yaani ile inayokusanya majimaji ya mwilini na kuyarudisha katika damu. Humo huishi miaka kadhaa, ikiitanua na kuiharibu mishipa hiyo. Kwa muda mrefu daktari aliweza tu kutafuta watoto wa minyoo katika tone la damu, tena damu iliyotolewa usiku, kwa kuwa ndipo wanapojitokeza. Mzazi mwenyewe hakuonekana.

Kipimo cha mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi, ndicho kilichomfichua. Mashine hupeleka mwilini sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, na mwangwi wake hugeuzwa kuwa picha. Mwaka 1994 madaktari wa Recife, nchini Brazil, walieleza jinsi walivyoiona minyoo hai ikijinyonganyonga bila kukoma katika mishipa ya limfu ya korodani. Mwendo huo ukaitwa ngoma ya filaria. Jambo la maana zaidi ni kwamba kiota kilichoonekana leo kwa kawaida hupatikana pale pale baada ya miezi mingi. Basi ngoma ikinyamaza baada ya matibabu, daktari hupata dalili kubwa kwamba mchezaji amekufa.

Jambo hilo lilithibitika katika kijiji cha Kimang'a, wilayani Pangani. Watu 72 wenye vimelea waligawanywa makundi mawili: moja likapewa doksisaiklini kila siku kwa wiki 8, jingine likapewa kapsuli zisizo na dawa. Doksisaiklini huua bakteria wanaoishi ndani ya mnyoo, ambao bila wao mnyoo haudumu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba, miezi 14 tangu matibabu yaanze, ultrasaundi iliona minyoo kwa watu 6 tu kati ya 27 waliopewa dawa, na kwa 24 kati ya 27 wa kundi la pili. Dawa za kampeni ya taifa, iliyoanzia Mafia mwaka 2000, hufagia hasa watoto wa minyoo katika damu. Kampeni hiyo ni ya lazima, lakini haimalizi wazazi wote.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mguu uliovimba ni tende. Damu huweza kuganda katika vena kubwa ya mguu, na donge lake likasafiri hadi mapafuni na kuua. Hapa kipimo ni chepesi ajabu: daktari huukandamiza mshipa kwa kifaa cha mashine. Vena nzima hubonyea na kufumba; yenye donge hukataa. Hata vena zilizovimba na kujipinda, ambazo huwasumbua wasimamao kutwa mbele ya ubao, hutibiwa kwa sindano inayoongozwa na picha hiyo hiyo.

Katika korodani iliyovimba, maji ya busha huonekana meusi, na utumbo wa ngiri huonekana ukijongea. Mpasuaji anayajua hayo kabla ya kushika kisu.

Wanaume wengi bado huiona ultrasaundi kuwa mashine ya wajawazito, na baadhi yao wana shahada. Aliyevimba korodani na afike hospitali sasa, busha likiwa bado dogo. Na mwalimu ambaye mguu wake mmoja umevimba ghafla na kuuma, aende leo hii, asingoje shule ifungwe.