Tua Mzigo Upone

Neno letu leo linatoka Dadaab, katika nchi kavu ya Garissa, ambako kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia. Huko maji huchotwa kwa mitungi ya plastiki ya lita 20. Mtungi ukijaa ni kilo 20, na mama huurudia mara nyingi.

Mama mmoja wa ushirika wetu aliinua mtungi wake kwa haraka, akajipinda, akasikia kitu kimenyofoka kifuani. Tangu saa ile kila akivuta pumzi, akikohoa au akijigeuza kitandani, alichomwa kama kwa sindano. Alikuja kwetu. Tukamwombea, kisha tukamwambia avumilie. Kesho yake alikuwa bombani tena. Wiki ya tatu hakuweza kumpakata mtoto wake. Ndugu, tulimkosea.

Ndipo tukampeleka zahanati. Mhudumu aliuliza kwanza kama kifua chote kinabana, kama maumivu yanaenda mkononi au tayani, kama anatokwa na jasho baridi au kukosa pumzi. Maana hizo zaweza kuwa dalili za moyo, nazo hazingoji kesho. Akauliza pia juu ya homa, na kikohozi kilichopita wiki 2, kisije kikawa kifua kikuu. Hayo yote hakuwa nayo. Alipobonyeza kando ya mfupa wa kidari, mama akalia. Kano zilikuwa zimeteguka.

Mungu alituumba na mbavu jozi 12. Jozi 7 za juu zimeungana na mfupa wa kidari kwa gegedu, na kano hukaza maungio hayo. Mguu ukiteguka twaweza kuuweka juu ya kiti. Lakini kifua hakina likizo, kwa kuwa lazima tupumue. Kwa hiyo hukawia kupona, pengine wiki 6 au zaidi.

Mama aliagizwa asiinue kizito, anywe dawa ya maumivu, akande kwa maji ya vuguvugu. Asifunge kifua kwa kitambaa cha kubana, bali mara kwa mara avute pumzi ndefu polepole, na akikohoa akumbatie mto, mapafu yasije yakapata nimonia.

Je, nani angechota maji? Kumbukeni Eliya chini ya mretemu. Alipochoka hata kutamani kufa, Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, ndipo akamwonyesha safari. Basi wanawake wa ushirika wakagawana zamu za mitungi yake, na vijana wakaleta mkokoteni. Hapo tulielewa upya Paulo aliyowaandikia Wagalatia juu ya kuchukuliana mizigo.

Ndugu, kumwambia mgonjwa avumilie ni rahisi. Kumshikia mtungi wake ndiko kuomba kwa mikono.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipowatwika waliochoka. Utufundishe kupumzika bila haya, na kubeba bila kuhesabu. Amina.