MANENO YA KATIBU WA TAWI KWA WAZAZI NA VIJANA WANAOTAKA KUSOMEA UTAWALA WA UMMA

Ndugu wanachama wa tawi letu, Mandewa. Haya ndiyo niliyoyasema kwenye kikao cha Jumapili. Nayatuma hapa kwa sababu wengi mlikuwa mnapiga alizeti na hamkufika.

 

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, wazazi watano wamenifuata nyumbani na neno moja: "Katibu, kijana wangu anakwenda chuo kikuu kusomea Utawala wa Umma. Akimaliza, Chama kitampokea." Mmoja ameshauza magunia yake ya alizeti. Mwingine anatafuta mteja wa kiwanja. Wawili walitaka niwaandikie barua kabisa, yenye muhuri wa tawi, kijana aitunze mpaka amalize. Sikuandika, na sitaandika. Waliondoka wamenuna, ndiyo maana nalisema mbele ya wote.

Somo lenyewe ni zuri, msinielewe vibaya. Pale Mzumbe, Morogoro, Waingereza walianzisha mwaka 1953 shule ya kufundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikageuzwa kuwa chuo cha uongozi wa maendeleo, kile ambacho wazee bado wanakiita IDM. Cha kushangaza, mwaka huohuo Serikali ilivunja halmashauri za wilaya, zikaja kurudi 1984. Chuo kikabaki, na kwa sheria ya mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Kijana anasoma miaka mitatu: bajeti ya Serikali, sheria, usimamizi wa watumishi, ununuzi wa umma, sera.

Nilipitia madaftari ya mpwa wangu aliyesoma kozi hii. Nikakuta habari za Woodrow Wilson, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Mwaka 1887 aliandika kwamba uendeshaji wa ofisi za serikali utenganishwe na siasa. Nikacheka peke yangu, maana kwenye mkutano wa mtaa sisi tunamfokea Mtendaji kwa ahadi aliyoitoa Mwenyekiti. Mwenyekiti tunampigia kura. Mtendaji ni mwajiriwa, anafuata taratibu za ofisi. Hilo ndilo kijana anakwenda kusomea, na ndilo linalofanya barua yangu isiwe na kazi.

Kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, na marekebisho yake ya 2007, ajira serikalini ni ya ushindani. Tangazo linatoka, kijana anaomba mwenyewe kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, anaitwa kwenye usaili. Hakuna sehemu ya kuweka barua ya tawi. Atakayewaambia anaweza "kumpitisha" mtoto, mwogopeni. Nilipomaliza diploma yangu ya uhasibu, mama yangu aliuza mbuzi wanne akampa mtu wa namna hiyo. Mpaka leo sijaiona kazi wala mbuzi. Na wanaofikiria cheti cha kununua wakumbuke mwaka 2017, ulipofanyika uhakiki: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi.

Sasa kuhusu kiwanja. Mzazi huyo nilimuuliza mtoto anataka kuwa nani. Akasema Mtendaji wa Mtaa, kama yule wa kwetu. Ndugu zangu, someni matangazo ya Mtendaji wa Mtaa Daraja la Tatu. Wanataka aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, mwenye astashahada ya utawala, sheria, maendeleo ya jamii, usimamizi wa fedha na mengine ya aina hiyo, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambulika. Digrii haitakiwi. Na Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapahapa Singida, mtoto anaweza kulala nyumbani. Digrii inatakiwa kwa Afisa Tarafa au Afisa Utumishi. Kama mtoto anazitaka hizo, na ana principal mbili zenye jumla ya pointi 4, aende chuo kikuu. Ila kiwanja kisiuzwe kabla Bodi ya Mikopo haijajibu.

Kwenye mkopo ndipo wengi wetu tunaangukia. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia. Fomu inasainiwa na serikali ya mtaa, halafu kwa wakili au hakimu. Mwaka jana binti mmoja wa hapa alikosa mkopo kwa sababu jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa halikufanana na la kidato cha nne. Herufi moja tu.

Kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa ofisi ya tawi na kompyuta yangu. Mzazi aje na kijana mwenyewe, vyeti halisi na nakala, na namba ya simu inayopatikana. Tutakagua majina na kujaza fomu pamoja. Hakuna malipo. Mzee wa kiwanja, wewe njoo saa tatu, kabla ya wengine.

Katibu wa Tawi
Mandewa, Singida