Kamba na Turubai

Ndugu madereva na mautingo wa Thika na Ruiru,

Zamani magunia ya kahawa na marobota ya katani yalifungwa kwa kamba. Turubai la nyuma lilitandikwa kwanza, la mbele likalala juu yake, upepo usipate mlango. Kamba ilipigwa kitanzi, ncha ikapitishwa kwenye ndoana ya bodi, ikarudishwa kitanzini na kuvutwa. Mtu mmoja akapata nguvu ya wawili. Kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Kwa hiyo utingo hodari alisimamisha lori baada ya mvua akakaza upya, hata tajiri akinung'unika.

Leo kuna makontena na mikanda, na kamba haifundishwi. Lakini magunia yangalipo, na apandaye juu ya mzigo ndiye aangukaye. Tunadai wazee wafundishe vijana, kwa mshahara, na saa za kufunga mzigo zihesabiwe kazi.